Gari Kuukuu Nalo ni Utamaduni

Katika kijiji cha Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati na Arusha hupita chini ya vilima vyenye mapango ya michoro ambayo dunia nzima imeisikia. Kando ya barabara hiyo husimama mara kwa mara lori la mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi huteremsha mizani yake, na wananchi humletea walivyo navyo: majembe yaliyolika, ringi za baiskeli, mabati yenye kutu, masufuria yaliyotoboka. Hapana ubaya katika biashara hiyo, maana mtu hula kwa jasho lake. Ubaya tuliuona siku ilipofikishwa mbele ya mizani ile Land Rover moja ya zamani, ya aina ambayo madereva huiita Mia na Tisa kwa hesabu ya inchi zilizopo baina ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma. Ilikatwakatwa kwa shoka na tindo, ikapimwa pande moja baada ya jingine kama nyama ya buchani. Bodi ya gari hilo ni ya alumini, na alumini ina wateja wengi kwa kuwa huyeyushwa ikafanywa sufuria.

Sisi tulikuwapo. Tulitazama mpaka mwisho, wala hatukusema neno. Tungesema nini, ilhali waraka ulioliondoa gari lile katika mali ya umma, ukaliita chakavu lisilofaa kutengenezwa, ulikuwa na saini yetu?

Insha hii ni ya kukiri kosa hilo, na zaidi ni ya kuipinga fikra iliyolizaa. Fikra yenyewe imeenea sana siku hizi, hata katika vinywa vya watu wenye elimu. Husema hivi: zama za umeme zimewadia, magari ya petroli na dizeli yanapigwa marufuku huko na huko, basi gari la miaka hamsini halina tena mahali pake isipokuwa tanurini. Anayelitunza huhesabiwa kuwa mshamba au mtu asiyejua kwenda na wakati. Sisi tunasema kwamba fikra hiyo ni kasumba, na kwamba taifa litakaloifuata litajikuta limeuza kwa kilo maarifa ambayo halitaweza kuyanunua tena kwa bei yoyote.

Tuanze na neno lenyewe la utamaduni. Mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akaeleza kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Tangu hapo wengi wetu tumeuona utamaduni katika ngoma, mavazi, ususi na hadithi za wazee. Hizo ni sehemu zake tu. Utamaduni ni jumla ya maarifa ambayo watu wameyapata kwa taabu katika kuyamudu mazingira yao, wakayapa majina katika lugha yao, wakayarithisha kwa watoto wao. Kwa kipimo hicho, fundi wa Kondoa ajuaye kuisikiliza injini na kutambua valvu gani haifungi vizuri, ana elimu iliyo sawa na ya mganga ajuaye mizizi au ya mhunzi ajuaye rangi ya chuma kilichoiva. Naye amejifunza elimu hiyo kwa gari lile lile ambalo leo linapelekwa kwenye mizani.

Tunajua pingamizi litakalotolewa hapa. Wako watakaosema kwamba Land Rover ni kitu cha Mwingereza. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, ikaundwa Solihull nchini Uingereza, na hata alumini ya bodi yake ilitokana na shida ya Waingereza, ambao baada ya vita vya 1939 hadi 1945 walikuwa na upungufu wa chuma cha pua. Gari hilo lilikuja kwetu likimbeba bwana shauri na mkusanya kodi. Vipi basi liitwe utamaduni wa Mtanzania?

Jibu liko hapo hapo Kolo, juu ya mwamba. Michoro ile myekundu ya watu na wanyama haikuchorwa na babu zetu Warangi. Wataalamu huihusisha na jamii za wawindaji waliokaa nchi hii kabla yetu, ambazo Wasandawe na Wahadza wa leo hufikiriwa kuwa karibu nazo zaidi. Hata hivyo, wazee wa Irangi wamekuwa wakipanda Mungomi wa Kolo kutambika na kuomba kizazi baada ya kizazi, na michoro hiyo ilipoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, uhusiano huo ulio hai baina ya wenyeji na mapango ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Kitu basi huwa chetu kwa yale tuliyoyafanya nacho, na kwa uangalizi tunaokipa. Ikiwa tumeweza kuwa walinzi wa kazi ya mikono ya watu ambao hata majina yao hatuyajui, tutashindwaje kuwa walinzi wa gari ambalo baba zetu walilisukuma matopeni?

Na tulifanya nalo nini gari hilo? Kabla ya Uhuru, lilimzungusha Mwalimu na viongozi wa TANU mikoani, katika barabara ambazo gari jingine halikuthubutu kuziingia. Baada ya Uhuru lilikuwa miguu ya Serikali vijijini. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1970 tuliliona likija na chanjo, likija na mitihani katika sanduku lililofungwa kwa lakiri, likija na bwana shamba. Mwaka 1973 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, nchi yetu ya Irangi ilikuwa imeliwa na makorongo kiasi cha kutisha, na wataalamu walihitaji gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne ili wafike palipokuwa pakifa. Hata kufika kwenye mapango ya Mungomi kulitaka gari la namna hiyo. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, masika yalipoingia, baina ya Kolo na vilima vya Bereku sheria ilikuwa moja: anayepita ni mwenye Mia na Tisa, wengine hulala njiani.

Gari lile tulilolitilia saini lilikuwa na daftari la safari chini ya kiti. Tulilifungua siku moja kabla ya mnada. Kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, lakini mwandiko ulisomeka: tarehe, jina la dereva, kilomita za kuanzia na za kumalizia, na sababu ya safari. Mgonjwa wa uzazi, Kondoa. Chanjo ya surua. Mgonjwa wa uzazi, Kondoa. Mbegu za mtama. Maiti, kurudisha nyumbani. Tulisoma kurasa chache, tukalirudisha mahali pake, kwa kuwa fomu tuliyokuwa tukijaza haikuwa na nafasi ya kuandika kitu kama hicho. Daftari lile liliondoka na gari. Mtoto wa mnunuzi aliliwashia moto wa kuchemshia chai, nasi tuliona jalada lake likijikunja majivuni.

Tumeeleza jambo hili ili ieleweke kwamba hasara tunayoizungumza si hasara ya chuma. Hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeweza kuandika historia ya tarafa nzima kwa kulisoma daftari lile moja.

Sasa tuje kwenye umeme. Tusieleweke vibaya: sisi hatuupingi. Kizazi chetu hakiwezi kuusahau mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, ambapo magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri ili nchi ibane petroli. Nchi isiyochimba mafuta, ikayanunua yote kwa fedha za kigeni, huwa imefungwa kamba shingoni, na mwenye kuishika kamba hiyo yuko mbali. Leo bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mitambo yake yote 9 ilikamilika mwaka 2025. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam. Mwaka huo huo Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari yasiyo ya umeme, na tangu Januari 2025 jijini Kigali pikipiki mpya za abiria husajiliwa za umeme tu. Wenzetu wa Uganda, katika Chuo Kikuu cha Makerere, walionesha gari lao la umeme tangu mwaka 2011. Hizi ni habari njema, na mwenye akili huzishangilia.

Ila wanafunzi wetu na wajue pia kwamba gari la umeme si mgeni duniani. Karibu na mwaka 1900, nchini Marekani, kiasi cha theluthi moja ya magari yalikuwa ya umeme. Gari la kwanza kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mwaka 1899, lilikuwa la umeme, likiendeshwa na Camille Jenatzy wa Ubelgiji. Petroli ilishinda baadaye, na mojawapo ya sababu ni kwamba mwaka 1912 kilianza kutumika kiwashio cha umeme kilichomwondolea dereva adha ya kuzungusha hendeli. Kwa maneno mengine, ni umeme wenyewe uliolipa gari la petroli ushindi, na leo unaudai ushindi huo urudi kwake. Asiyejua mambo haya hudhani kwamba kila kipya kimetoka mbinguni jana asubuhi, na mtu wa namna hiyo ni rahisi sana kuuziwa chochote.

Hapa ndipo tunapokutana na wapinzani wetu, nao ni wa makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wenye mizani, tulilokwisha kulitaja. Hawa huhesabu thamani kwa kilo. Hatutawashutumu sana, maana wengi wao ni watu maskini wanaotafuta riziki, na aliyewafungulia mlango ni mtu wa ofisini mwenye kalamu, kama sisi.

Kundi la pili ni la wenye fedha. Hawa hulipenda gari la zamani, lakini hulipenda kama pambo. Nairobi, tangu mwaka 1970, hufanyika mashindano ambayo magari husuguliwa hata chini ya bodi, na waamuzi huyakagua kwa vitambaa vyeupe. Tangu mwaka 2003 pia yamekuwapo mashindano ya magari ya kale ya Safari, ambayo matajiri wa Ulaya huleta magari yao kwa meli na ndege, wakatimua vumbi letu kwa siku kadhaa, kisha wakarudi nayo. Safari yenyewe, iliyoanza mwaka 1953, ilikuwa mali yetu sote wa Afrika Mashariki. Joginder Singh wa Kenya aliishinda mara tatu, na mwaka 1966 na 1967 aliishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa Peugeot 404, gari ambalo mwalimu mkuu au mfanyabiashara mdogo aliweza kulimiliki. Leo watoto wetu husimama kando ya barabara kupunga mkono.

Tena wakubwa wa starehe hiyo wameiwekea sheria. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, hulitambua gari kuwa la kihistoria likiwa limetimiza miaka 30, limehifadhiwa katika hali yake ya asili, na halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Msomaji alitafakari sharti hilo la mwisho. Maana yake ni kwamba Land Rover ya mwaka 1972 inayopeleka mahindi mnadani kila wiki, ikirudi na abiria na mbuzi, haina historia. Itapata historia siku itakapoacha kufanya kazi na kulala chini ya kitambaa. Kwa sheria hiyo gari la tajiri ni urithi, na gari la mkulima ni uchafu. Sisi tunasema kinyume. Kazi ndiyo iliyoyapa magari yetu historia, na kila kiraka kilichogongwa kwa nyundo chini ya mbuyu ni ukurasa wa historia hiyo.

Ubaguzi huu umo hata nyumbani mwetu. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yamehifadhi magari ya viongozi, likiwamo Rolls-Royce lililotumiwa na utawala wa Kiingereza na baadaye na Mwalimu. Ni jambo la kupongezwa. Lakini gari la gavana limepata paa, na gari la mkunga limepata shoka. Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa kukihesabu kitu kuwa cha kale, na gari la petroli la Carl Benz lilipata hati yake mwaka 1886. Kwa hiyo hakuna gari lolote la petroli duniani linaloweza kulindwa na sheria hiyo kwa umri wake pekee. Oktoba 2024 jijini Arusha lilifanyika tamasha la Land Rover, yakakusanyika magari kwa mamia, na wananchi walifurahi kwa haki. Tamasha lilionesha kwamba mapenzi yapo. Lakini ngoma ikiisha wachezaji hurudi makwao, na mizani ya Kolo bado imesimama pale pale.

Kundi la tatu ndilo la hatari zaidi, kwa sababu lina sura ya maendeleo. Ni la wale wanaotaka tulipokee gari la umeme likiwa limefungwa kama jeneza. Mia na Tisa ni kitabu kilichofunguliwa. Inua boneti, na kila kitu kiko mbele ya macho: kabureta inayochanganya petroli na hewa, platini zinazofungua na kufunga mkondo, koili inayozigeuza volti 12 za betri kuwa maelfu ya volti za kurusha cheche. Mwalimu wa fizikia anayehangaika kueleza ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831 angeweza kuwapeleka wanafunzi wake mbele ya koili hiyo, wakauona ugunduzi huo ukifanya kazi. Gari jipya limejaa programu ambazo ufunguo wake uko ng'ambo. Likigoma, fundi wetu husimama mbele yake kama mtu aliyekuja msibani. Nayo betri yake imetengenezwa kwa nini? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na grafiti imo katika ardhi yetu ya Mahenge na Lindi. Udongo wetu unakwenda ukiwa wazi na kurudi umefungwa, nasi tunaambiwa tusiufungue. Huko ni kubadili kamba ya petroli kwa kamba ya betri, shingo ikabaki ile ile.

Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Watu wengi huidhani methali hii kuwa ni ya kupinga mabadiliko. Haisemi hivyo. Inasema kwamba msala wa kuazima hupita, na aliyetupa jamvi lake hubaki na sakafu. Jamvi letu ni ujuzi wa kufungua, kutengeneza na kufunga tena. Tukiwa na ujuzi huo, tutaukaribisha msala wowote.

Wenzetu wa Irangi wamekwisha kuuona mfano wa jambo hili kwa macho yao. Mwaka 1979, ili kuiponya ardhi, mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo la mmomonyoko la Kondoa, kilomita za mraba 1,256. Wazee walilia. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye sadaka, ndiye akiba. Wengine walidhani kwamba ufugaji umekwisha katika nchi ile. Ardhi ilipona, majani yakarudi, makorongo yakaziba. Na mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe nao wakaanza kurudi, ila kwa hali nyingine: wachache, bandani, wakikatiwa majani na kuletewa, wakitoa maziwa. Waliorejesha ng'ombe hao hawakuanza na ujinga, maana ujuzi wa kufuga haukuwa umetupwa pamoja na kundi.

Vivyo hivyo kwa gari kuukuu. Hatudai kwamba barabara zijae tena moshi. Hatudai kwamba kila mkebe wenye magurudumu utunzwe. Tunataka yabaki machache, bandani, yakiangaliwa vizuri na kutoa maziwa ya elimu. Wala tusitishwe na neno kwamba mafuta yakiisha na gari limekufa. Mwaka 2006 nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilipomaliza kuacha petroli yenye risasi, ilihofiwa pia kwamba injini za zamani zitaangamia; dawa ilikuwa viti vya valvu vya chuma kigumu zaidi, na injini zikaendelea. Tangu mwaka 2018, mkoani Arusha, yamekuwapo magari ya kupeleka watalii mbugani yaliyotolewa injini ya dizeli na kutiwa mota na betri, na simba hawakimbii kwa kuwa hawasikii kelele. Ikiwa gari la watalii laweza kufanyiwa hivyo, kwa nini lisifanyiwe gari la zahanati? FIVA hulikataa badiliko hilo, ila humshauri anayelifanya alifanye kwa namna ambayo gari laweza kurudishwa katika asili yake. Katika hilo peke yake tunaafikiana nao: mota na iingie, na injini ya asili iwekwe pembeni juu ya meza, ili mwanafunzi avione vyote viwili na aviulize maswali.

Tunapendekeza basi mambo manne. Kwanza, gari lolote la umma lenye umri wa miaka 30 au zaidi lisiuzwe kabla ya historia yake kuandikwa, na daftari lake la safari lipelekwe katika hifadhi ya nyaraka; kalamu na karatasi hazihitaji msaada wa wafadhili. Pili, kabla ya mnada, shule za sekondari na vyuo vya ufundi vya wilaya viulizwe kwanza kama vinalihitaji kwa mafunzo. Tatu, mafundi wazee walio hai waitwe shuleni walau mara moja kwa muhula, wasemeshwe, na istilahi zao za Kiswahili zikusanywe, maana lugha ya gereji ni hazina ambayo kamusi zetu hazijaimaliza. Nne, tunapoyakaribisha magari ya umeme tuweke sharti la kupewa vitabu vya kuyatengeneza, tena kwa Kiswahili, na haki ya kuyafungua bila kuomba ruhusa ng'ambo.

Watauliza: fedha ziko wapi? Swali hilo huulizwa daima na mtu aliyekwisha kuamua kutofanya. Gari lile la Kolo liliuzwa kwa bei ambayo haikutosha kununua matairi manne ya gari jipya la ofisi. Hasara ya kulipa shule ingekuwa ndogo kuliko posho ya kikao kilichoamua kuliuza. Nasi tunajua, maana posho ile tuliipokea.

Fundi mmoja mzee wa Kondoa, tulipomweleza habari ya mizani, alifuta mikono kwa kitambaa, akatuambia, "Nyinyi waheshimiwa wa ofisini, mngeniita tu. Lile lilikuwa bovu gasketi." Hatukuwa na la kumjibu wakati ule. Jibu letu ni insha hii, nayo imechelewa.

Lakini haikuchelewa kabisa. Nyuma ya ghala moja, njia ya kupandia vilimani, bado limesimama gari jingine la aina ile, magurudumu hayana upepo, na kuku wameatamia ndani yake. Fomu yake imekwisha kuandaliwa. Safari hii tumeirudisha bila saini, tukaandika pembeni kwamba shule iulizwe kwanza. Ndugu walimu, shule hiyo huenda ni yenu. Ulizeni, dai ni lenu. Nasi, kwa kuwa tumezoea kuyafunga maneno yetu kwa ubeti, twayafunga hivi:

Gari kongwe si kipande, cha chuma cha kupimiwa,
Ni kitabu tukipende, kwa mafunzo yalotiwa,
Na umeme tuupande, pasipo kutawaliwa,
Cha kale tusikivunde, kipya tunapoletewa.